Ni mkaguzi wa hesabu, lakini ofisini wanataka Mfilipino wa kuwachekea wageni

SWALI

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mkenya mwenye umri wa miaka 31, mzaliwa wa Mombasa. Baba yangu ni Mswahili wa Mji wa Kale, na mama ni Mfilipino kutoka Iloilo, katika kisiwa cha Panay. Walikutana Muscat, mama akiwa muuguzi na baba akifanya kazi bandarini, wakaoana, kisha wakahamia Mombasa ambako ndiko nilikozaliwa na kulelewa. Jina langu la katikati ni la ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya kwao. Macho na uso nimechukua kwa mama, rangi na nywele nimechukua kwa baba. Mtaani niliitwa Mchina tangu utotoni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyekuwa na jina la utani, jambo hilo halikunisumbua.

Nilisomea uhasibu Nairobi, nikafaulu mitihani ya CPA, na sasa ninafanya kazi Dubai katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba sura yangu inaingia ofisini kabla yangu. Mwaka jana nilikwenda kwa mteja kuanza ukaguzi nikiwa pamoja na vijana wawili wa chini yangu. Mkuu wa fedha wa kampuni ile aliwapa vijana mkono, akanipa mimi kikombe chake na kuniambia kahawa yake haiwekwi sukari. Kila mwezi, keki za siku za kuzaliwa huwa ni kazi yangu, na kila sherehe huambiwa nishike kipaza sauti niimbe kwa kuwa eti Wafilipino wote ni waimbaji. Meneja wangu hunitambulisha kwa wageni kuwa ndimi ninayeleta furaha ofisini, wala hataji cheo changu.

Lililoniuma zaidi lilitokea nafasi ya kuongoza timu ya ukaguzi wa mteja mkubwa ilipopatikana. Alipewa mwenzangu aliyeajiriwa baada yangu. Nilipouliza, meneja alinijibu kwa upole kwamba, "Watu wenu ni hodari katika kuhudumia, ni wavumilivu na wateja wanawapenda, lakini kazi ile inahitaji mtu wa kubishana na wakurugenzi." Nilitoka pale bila ya neno.

Kwa upande mwingine, Wafilipino wa ofisini huzungumza nami Kitagalogi, nami sikijui. Mama alitufundisha Kiilonggo, lugha ya kwao Iloilo, nacho ni cha jikoni tu. Hucheka, na mmoja aliwahi kusema kwamba nywele zangu ni za Waaeta, wale watu wa milimani. Wakenya wenzangu nao husema nililetwa kwa kiti cha Wafilipino na kwamba mshahara wangu ni wa huko. Hivi karibuni wakala mmoja wa ajira alinipigia simu kuhusu kazi nyingine, na swali lake la kwanza lilikuwa nitatumia pasipoti gani, ili ajue kiwango cha mshahara.

Rafiki yangu ananishauri niondoe jina la mama na picha katika wasifu wangu wa kazi, nibaki na majina ya baba peke yake. Nimechoka kumweleza kila mtu kwamba mimi si kadama, yaani mtumishi wa ndani. Je, nishitaki, nijifiche, au nirudi nyumbani?

Mkaguzi, Dubai

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia mambo mawili kwa pamoja, moja la kazi na jingine la nafsi yako, na naona kwamba wale wanaokusumbua ndio waliokufanya uyachanganye. Nitaanza na la kazi, kwa sababu lina karatasi na lina siku zake, na hilo la nafsi linaweza kusubiri kidogo bila ya kuharibika.

Meneja wako hakukutukana. Alikusifu, na kwa sifa hiyohiyo akakunyima cheo, ndiyo maana ulitoka ofisini mwake bila ya neno, kwa kuwa tusi lina jibu lake linalojulikana lakini mtu anayekuambia kwamba watu wenu ni wapole na wavumilivu hukuacha ukimshukuru huku umekwisha kudhulumiwa. Sifa hiyo ina historia, na inafaa uijue. Mwaka 1974 serikali ya Ferdinand Marcos, rais wa Ufilipino, ilipitisha sheria ya kazi iliyoifanya biashara ya kupeleka wafanyakazi nje kuwa shughuli ya dola, wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda na nchi za Ghuba zilikuwa zinatafuta mikono ya kujenga miji. Walianza kwenda wanaume wa ujenzi, kisha wakafuata wanawake wa majumbani, hospitalini na hotelini. Njia ya Marekani ilikuwa ya zamani zaidi, kwa kuwa Wamarekani walivitawala visiwa vile tangu mwaka 1898 hadi 1946, wakafungua vyuo vya uuguzi vinavyofundisha kwa Kiingereza, na kuanzia mwaka 1948 mpango wao wa kubadilishana wageni ukawapeleka wauguzi wa Kifilipino katika hospitali za huko. Melini nako Mfilipino ni mtu wa kila siku, kama anavyojua yeyote aliyewahi kufanya kazi katika bandari ya Mombasa. Serikali na mawakala waliwanadi watu wao kwa maneno yaleyale miaka nenda miaka rudi: wachapakazi, wenye tabasamu, wanaojua Kiingereza, wasio na makuu. Mnunuzi aliyeuziwa mtu kwa sifa ya upole hushangaa anapokutana na mmoja wao anayebisha, na meneja wako ni mnunuzi wa aina hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajui kwamba aliuziwa.

Tena sifa yenyewe si ya kweli. Mgomo wa mashamba ya zabibu ya Delano, California, ulianzishwa na vibarua wa Kifilipino mwezi Septemba 1965 chini ya uongozi wa Larry Itliong, na wenzao wa asili ya Meksiko waliokuwa na César Chávez walijiunga baada ya siku chache. Mwaka 1986 Marcos huyohuyo aliondoshwa madarakani na watu waliojaa barabarani mjini Manila. Mwaka 1995, baada ya Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani, kunyongwa Singapore, hasira za Wafilipino ziliitikisa serikali yao hata ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje mwaka uleule. Sikupi habari hizi ukamsomee meneja, kwa maana atakusifu tena kuwa unajua historia. Ninakupa kwa sababu barua yako inaandikwa kana kwamba upole ule ni kweli kwao, na kwamba kosa la ofisi ni kukuhesabu wewe miongoni mwao.

Hapo ndipo ninapotaka kukugusa kidogo, na unisamehe. Umeandika kwamba umechoka kueleza kuwa wewe si kadama. Uchovu wako nauelewa. Lakini kila unaposema hivyo mbele ya watu, unakubaliana na yule bwana wa kahawa kwamba kadama ni mtu wa kupewa kikombe bila ya salamu, na unachodai ni kutolewa tu katika orodha. Wanawake wa kwetu, kutoka Kilifi, Kwale, Nairobi na Kakamega, wanafanya kazi hiyo Riyadh na Jeddah hivi sasa kwa maelfu, na serikali ya Kenya inaitangaza ajira ya nje kwa maneno ambayo Mfilipino yeyote wa umri wa mama yako angeyatambua. Baada ya miaka michache, mhasibu wa Kikenya atakayeingia ofisini huko naye atapewa kikombe. Kwa hiyo liache neno hilo. Sema cheo chako basi.

Nikuambie namna. Kabla ya kwenda kwa mteja yeyote, mwombe meneja atume baruapepe ya utambulisho yenye majina ya timu na vyeo, jina lako likiwa la kwanza, nawe uwemo miongoni mwa wanaopokea nakala. Ikiwa hataki kuiandika, iandike wewe umpelekee aitume. Mkifika, wewe ndiye utakayeanza kusema, na vijana wako waelezwe mapema kwamba hawapeani mikono na mtu kabla yako. Bwana akikupa kikombe, kiweke mezani na useme, "Mimi ndiye msimamizi wa ukaguzi huu. Tungependa kuanza na leja ya wadaiwa." Usitabasamu kupita kiasi na usikunje uso. Asipoona haya, angalau atakuwa amejua nani atakayetia saini maswali ya ukaguzi.

Keki na nyimbo ni jambo dogo linalokula muda mkubwa, na ofisi huwa haiandiki popote kwamba uliifanya kazi hiyo. Pendekeza zamu, kwa maandishi, kwa kufuata herufi za majina, meneja akiwamo. Kuimba kataa moja kwa moja. Kama unapenda kuimba, basi imba siku utakayotaka mwenyewe, kwa kuwa hata mimi nina jamaa wa Lamu asiyeweza kuacha kughani akipata hadhira, wala hapana anayesema kwamba hiyo ndiyo kazi yake benki.

Sasa ile nafasi uliyonyimwa. Mwandikie meneja barua fupi, isiyo na lawama, ukimkumbusha tarehe mliyozungumza na maneno aliyoyasema kama ulivyoyanukuu kwangu, kisha umwombe akupe vigezo vilivyotumika kumchagua kiongozi wa timu na akuonyeshe ni kipi hukukitimiza. Usiandike neno ubaguzi katika barua hii ya kwanza. Maneno yake yatajieleza yenyewe yakiwa kwenye karatasi, na mtu yeyote wa idara ya rasilimali watu atakayeyasoma atajua kwamba "watu wenu" si kigezo cha ukaguzi wa hesabu. Ambatanisha orodha ya kazi ulizosimamia na zile ulizobishana na mteja hata hesabu ikarekebishwa, kwa maana sidhani kwamba mkaguzi anaweza kudumu Dubai bila ya kuwahi kubishana na mkurugenzi mmoja juu ya madeni yasiyolipika.

Asipojibu, au akijibu kwa sifa nyingine, nenda rasilimali watu na barua hiyohiyo. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ile amri namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inakataza ubaguzi wa asili, rangi, jinsia, dini, taifa, hali ya kijamii au ulemavu unaomwondolea mtu usawa wa nafasi kazini, na inahesabu kuwa ni kinyume cha sheria kumfukuza mtu kwa sababu amepeleka wizarani malalamiko ya maana yaliyothibitika. Kama kampuni yenu imesajiliwa katika kituo cha fedha cha DIFC, sheria hiyo haiwahusu, kwa kuwa huko wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2019 na mahakama yao. Angalia mkataba wako kabla ya kupanga lolote. Nami nisikufiche: kuthibitisha ubaguzi ni kugumu, visa yako imefungamana na kazi, na shauri linaweza kukuchukulia muda ambao pengine ungeutumia kutafuta mwajiri mwingine. Kwa hiyo ninaona karatasi ni za kukupa nguvu ya kuzungumza kwanza, na mahakama ni ya mwisho kabisa.

Jambo moja usilifanye hata ukiudhiwa vipi: usimrekodi meneja kwa siri, na usiandike habari zake mitandaoni. Sheria ya makosa ya mitandao ya huko ya mwaka 2021 inaadhibu kurekodi mazungumzo ya mtu bila ya idhini yake na inaadhibu kumtukana mtu mtandaoni, na wapo watu waliokuwa na haki yao wakaishia kuwa washitakiwa. Andika kumbukumbu zako nyumbani, kila tukio na tarehe yake na waliokuwapo.

Kuhusu yule wakala, alikuuliza wazi jambo ambalo wengi hulifanya kimyakimya, kwamba kazi ileile inalipwa tofauti kwa rangi ya jalada la pasipoti. Wewe unaweza kweli kuwa na mbili. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inamhesabu kuwa raia mtu ambaye baba au mama yake ni raia, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakuruhusu kuwa na uraia wa nchi nyingine bila ya kuupoteza wa kwetu. Ukitaka uraia wa mama, uchukue kwa ajili ya ndugu zako wa Iloilo, na shamba au nyumba kama ipo, na haki ya kwenda na kukaa. Kuuchukua ili upande daraja moja katika jedwali la wakala ni kukubali jedwali lenyewe, na mbele yako watapangwa wengine wenye pasipoti za Ulaya wanaolipwa zaidi kwa kazi hiyohiyo. Akikuuliza tena, mwambie mshahara unaoutaka kwa cheo hicho kwa dirhamu, na useme kwamba pasipoti utaionyesha wakati wa visa. Wenzako Wakenya wanaokusema nao unaweza kuwajibu kwa hoja hiyohiyo: anayepanga malipo kwa nchi ndiye aliyewapunja wao, na hakuna senti yao iliyokuja mfukoni mwako.

Nije kwenye jina. Picha iondoe katika wasifu kama unapenda, kwa kuwa picha haihesabu wala haikagui, na sioni kwamba kuiondoa ni kujificha. Jina la mama liache lilipo. Kwanza kuna sababu kavu ya ofisi: vyeti vyako vya shule, vya CPA na pasipoti lazima vilingane vinapothibitishwa huko, na jina likipungua mahali pamoja utaanza kuzunguka ubalozini na kwa mwanasheria kwa viapo. Pili, ukilikata leo kwa ajili ya mkuu wa fedha asiyejua hata Iloilo iko wapi, kesho mwingine atakuambia ubadilishe majina ya baba kwa sababu yanasikika ya Kiislamu au ya Kiafrika, nawe utakuwa umeshazoea.

Wafilipino wenzako wa ofisini wanakutesa kwa namna nyingine, nami naona hilo limekuchoma kuliko ulivyoandika, kwa kuwa ulilitaja haraka ukapita. Wahispania waliwatawala zaidi ya miaka 300, na waliacha nyuma yao ngazi ya rangi ambamo chotara wa Mzungu yuko juu, ndiye anayepewa tangazo la sabuni na nafasi katika tamthilia, na Waaeta, wenyeji wa asili wa milima ya Luzon wenye ngozi nyeusi na nywele za kipilipili, wamewekwa chini. Watoto waliozaliwa na askari Weusi wa Marekani karibu na kambi za Clark na Subic waliijua ngazi hiyo vizuri, na Marekani yenyewe, ilipopitisha mwaka 1982 sheria ya kuwapokea watoto wa askari wake kutoka Vietnam, Korea, Thailand, Laos na Cambodia, iliwaacha nje wale wa Ufilipino. Mmoja wa watoto hao alikuwa apl.de.ap, mwanamuziki wa kundi la Black Eyed Peas, aliyezaliwa Angeles City. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Chelsea Manalo, ambaye baba yake ni Mmarekani Mweusi, akavishwa taji la Miss Universe Philippines, na baadhi ya watu wa kwao walishughulika zaidi na ngozi yake kuliko ushindi wake. Kwa hiyo aliyekucheka nywele hakuianzisha dharau hiyo siku ile. Alirithi, sawa na sisi wa pwani tunavyorithi maneno yetu kuhusu nywele za watu, na wewe umeyasikia Mombasa kabla hujayasikia Dubai.

Lakini la lugha lina dawa nyepesi. Ufilipino ina lugha zaidi ya mia moja, na Kiilonggo kinasemwa na mamilioni ya watu. Mtu akikusemesha Kitagalogi, mjibu kwa Kiilonggo cha jikoni ulichonacho, hata kama ni sentensi tatu za kuuliza chakula. Akiwapo pale mtu wa visiwa vya Visayas, alikotoka mama yako, na katika ofisi za Dubai hukosi kumpata, utakuwa umepata jamaa. Na asiyekielewa ataona kwamba hata yeye si Mfilipino wa kila mahali. Mama yako yuko hai, naona kutokana na ulivyomtaja. Mpigie akuongezee maneno, maana hilo ni lenu wawili wala halihusiani na meneja.

Umeuliza kama urudi nyumbani. Sikushauri urudi kwa sababu ya watu hawa. Barua kwa meneja ipeleke mwezi huu, kabla ya tathmini ya mwaka, ili isionekane kuwa ni hasira za aliyepewa alama ndogo, na umpe wiki mbili za kujibu. Wakati huohuo wasifu wako uwe tayari na uanze kuwapelekea waajiri wengine, kwa sababu utazungumza na meneja kwa sauti nyingine kabisa ukiwa na barua ya kazi nyingine mkononi.